Picha Pacha, Si Picha ya Pande Tatu

Kadi ya stereografu ya mwaka 1909 ukiilaza mezani, huoni pande tatu. Unaona kipande cha karatasi ngumu chenye urefu wa sentimita kama 18, na juu yake picha mbili za mandhari ileile zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Ukitulia ndipo unagundua kuwa hazifanani kabisa: kile kilichosimama mbele kimesogea kidogo, na nyuma yake picha moja inaonyesha kitu ambacho nyingine imekificha. Kamera iliyozipiga ilikuwa na lenzi mbili zilizoachana kwa sentimita kama sita na nusu, kama macho ya binadamu yanavyoachana. Ukizitazama kupitia kifaa kiitwacho stereoskopu, kila jicho hupewa picha yake, ubongo ukaziunganisha, na kadi bapa ikapata kina. Jina ninalolitetea hapa ni picha pacha. Lile lililozoeleka, picha ya pande tatu, nalipinga, kwa sababu linapotosha. Kitu chenye pande huzungukwa. Kadi hii haizungukiki, na hata ukiinamisha kichwa namna gani huwezi kuuona mgongo wa mtu aliyepigwa picha. Tena, mwanafunzi wa hisabati akiambiwa umbo la pande tatu, huchora pembetatu, na yuko sahihi.

Wa kwanza kupinga atasema pacha ni watu wanaofanana, ilhali siri ya picha hizi ni kutofautiana. Pingamizi hili linatoka nje ya Kiswahili. Kwetu pacha si kufanana. Pacha ni kuzaliwa mimba moja. Mvulana na msichana ni pacha. Kulwa na Doto ni pacha hata mmoja akiwa mrefu na mwingine mfupi, na mmoja hutangulia mwenzake kutoka. Neno picha nalo linafaa zaidi kuliko tunavyodhani, maana Waswahili huita picha mchoro na huita picha kazi ya kamera. Charles Wheatstone alipoeleza stereoskopu yake mwaka 1838, kabla uvumbuzi wa upigaji picha haujatangazwa, alitumia michoro. Stereografu ni jina alilolibuni Oliver Wendell Holmes mwaka 1859 kwa ajili ya kazi ya kamera. Picha pacha inabeba vyote viwili bila kunyoosha maana.

Kamera ya picha pacha ilifika kwetu mapema. James Augustus Grant, msafiri mwenza wa mpelelezi Speke, alipiga picha pacha Unguja mwaka 1860, kwa vioo vilivyopakwa dawa ambavyo vilipaswa kupigwa na kusafishwa kabla havijakauka. Kazi ngumu kwenye joto la pwani, na alipoingia bara aligeukia kuchora kwa mkono. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Kapiti, kwenye mbuga za Machakos, na kampuni ya Underwood & Underwood ikauza picha pacha za safari hiyo. Wanunuzi walikuwa ng'ambo. Nadhani ndiyo maana jina la Kiswahili halikutafutwa: waliopigwa picha hawakuwa wateja.

Je, si jambo lililokwisha na kadi zake? La. Ndege ya upimaji hupiga picha mfululizo, kila moja ikilalia iliyotangulia kwa takriban asilimia 60, na picha mbili zinazofuatana ni pacha kamili, Kulwa na Doto waliopishana kwa sekunde chache. Hapa macho yameachana kwa mamia ya mita, kwa hiyo vilima huonekana virefu kuliko vilivyo. Kwa Vonza, palipo na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ni eneo la kufundishia jambo hili: uwanda wa juu wa Yatta, mtiririko wa lava wa urefu wa kilomita kama 300, huinuka chini ya stereoskopu kama ukuta. Jina pia linachora mpaka wa dhana. Utafiti maarufu wa Tiffen, Mortimore na Gichuki kuhusu Machakos, uliotoka mwaka 1994 na kuhusisha Makueni, ulilinganisha picha za angani za 1948 na 1978. Picha hizo za miaka tofauti ni ndugu, si pacha. Ukizilaza pamoja hazikupi kina, zinakupa historia.

Msomi atauliza kwa nini tusibaki na stereografu. Kifaa na kibaki stereoskopu, sina ugomvi. Neno darubini nalo lilitoka Kiajemi, na hakuna anayesikia maana ya kuona ndani ya bini. Lakini jina la picha linashikwa na watu wengi zaidi, na Ukambani, eneo hilohilo la Machakos na Makueni, imetoa ushahidi. Fanya juu, tuta linalojengwa kwa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, limeingia kwenye vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa, kwa kuwa linataja kile mkono unachofanya. Picha moja ya angani ya shamba kama hilo huonyesha mistari tu, ambayo huenda ikawa njia za mbuzi au ua. Weka pacha wake kando, inamia stereoskopu, na kila mstari unainuka kuwa ukingo wa udongo, mtaro ukiwa chini yake.