Ngoma Ikivuma Sana: Watoto, Piano na Mtihani

Kila msimu wa mitihani ya muziki swali ni hilo hilo: mtoto anaweza kufanya mazoezi mpaka yakapitiliza? Mzazi kashalipa ada ya mwalimu, kashalipa ada ya mtihani, halafu eti anaambiwa mtoto apumzike. Apumzike vipi na mtihani ni wiki ijayo? Mwalimu naye ana lake. Kipande ambacho mwezi uliopita kilikuwa kitamu, sasa kimeanza kuchacha. Vidole vinakwenda, lakini mpigaji mwenyewe hayupo, yuko dirishani anawaangalia wenzake wakicheza mpira.

Ugomvi huu ni mkongwe, msomaji, na waliougombania hawakuwa watu wadogo.

Tuanze na mtihani wenyewe. Mwaka 1889 wakuu wa vyuo viwili vya London, Alexander Mackenzie wa Royal Academy of Music na George Grove wa Royal College of Music, waliungana wakaunda bodi moja ya kutahini. Mitihani ya kwanza ikafanyika 1890. Trinity College ilikuwa imewatangulia tangu 1877. Mitihani hiyo ikasafiri pamoja na himaya, na bendera ya Mwingereza iliposhushwa, yenyewe ikabaki. Mpaka leo kuna watoto Nairobi wanaotahiniwa na bodi hiyo ya London.

Sasa tazama hesabu yake. Katika mtihani wa kawaida wa piano jumla ya alama ni 150, na kufaulu ni 100. Vipande ni vitatu, kila kimoja alama 30. Skeli zina 21, kusoma noti za wimbo usioujua zina 21, na kusikiliza kuna 18. Chukua kalamu, bwana. Mtoto aliyepiga vipande vyake vitatu bila kasoro hata chembe ana 90. Hajafaulu! Wale waliopanga alama walijua wanachokifanya: walitaka mtoto ajue muziki, si nyimbo tatu. Lakini binadamu tunajuana. Kwa kuwa vipande ndivyo vinavyosikika sebuleni wageni wakija, basi mwaka mzima unaishia hapo. Tangu 2020 bodi hiyo ina na mtihani wa aina nyingine, vipande vinne, hakuna skeli wala noti ngeni. Una faida zake, sikatai, ila mlango wa kukariri umezidi kupanuka.

Aliyewahi kuimba kwaya ya shule Kenya haya hayamshangazi. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na wimbo wa lazima unaupiga toka ngazi ya chini mpaka taifa, kama mnafika. Mkifika, hata mpishi wa shule anaujua sauti zote nne.

Turudi nyuma kidogo, Vienna. Carl Czerny, ambaye mazoezi yake bado yanawatoa jasho wanafunzi wa piano, alimfundisha mtoto mmoja wa Kihungari aitwaye Franz Liszt. Ungetegemea Czerny, mtu wa mazoezi, amfungie kijana na kipande kimoja mpaka kiive. Wapi! Katika kumbukumbu zake ameandika kwamba alimtaka Liszt ajifunze kila kipande harakaharaka, waende kingine. Matokeo yake mtoto akawa hodari wa kusoma noti, hata akaweza kupiga mbele za watu kitu kigumu ambacho hakuwahi kukiona. Desemba 1822, akiwa na miaka 11, Liszt alipiga tamasha lake la kwanza mjini humo.

Chopin alikuwa mkali zaidi. Wanafunzi wake wameeleza kwamba alichukia kusikia mtu kakaa kwenye piano saa sita kwa siku. Saa tatu zinatosha, akasema, baada ya hapo soma kitabu, katembee. Friedrich Wieck wa Leipzig, mtu mgumu ambaye hata bintiye Clara alimshitaki mahakamani ili aolewe, hata yeye alihakikisha binti huyo anapata matembezi ya nje kila siku. Clara alipanda jukwaani akiwa na miaka 9. Kijana aliyempenda, Robert Schumann, yeye hakujihurumia. Alitumia hata chombo cha kunyoosha kidole, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 mkono wake wa kulia ukaharibika. Mabingwa bado wanabishana kama ni chombo, ni mazoezi au ni ugonjwa. Lililo wazi ni kwamba upigaji wake uliishia hapo, tukampata mtunzi.

Lakini aliyenigusa mimi ni Josef Hofmann. Alizaliwa Poland mwaka 1876, baba yake naye mwanamuziki. Novemba 1887 akapandishwa jukwaani Metropolitan Opera House, New York, ana miaka 11, na mji ukapagawa. Yakafuata matamasha zaidi ya 40 katika muda wa miezi michache, mtoto anapelekwa huku na huku kama ngoma ya kukodi. Mwanzoni mwa 1888 chama cha New York cha kuzuia ukatili kwa watoto kikaingilia kati. Tajiri mmoja, Alfred Corning Clark, akatoa dola 50,000 kwa sharti moja: mtoto asipande jukwaani mpaka afikishe miaka 18. Fikiria, pesa nyingi namna ile, na ni za kunyamaza!

Hofmann alinyamaza kweli, kwa kusoma. Alipokuwa kijana alikwenda kwa Anton Rubinstein, na hapa ndipo hadithi inapokolea. Hofmann ameandika kwamba Rubinstein hakumruhusu hata siku moja kuleta kipande kilekile mara mbili. Mzee alieleza kwamba huenda amesahau alichosema wiki iliyopita, na akichora picha mpya atamvuruga kijana. Mwaka 1894 Hofmann akarudi jukwaani Hamburg na kazi ya Rubinstein, Rubinstein mwenyewe akiongoza okestra. Baadaye, katika vitabu vyake vya ushauri, Hofmann anaonya usikae kwenye piano kwa mfululizo zaidi ya saa moja, sana sana mbili.

Hapo wavivu wameshaanza kushangilia. Ngojeni kwanza. Mwaka 1996 John Sloboda na wenzake walitoa utafiti juu ya vijana 257 wa Uingereza waliojifunza muziki, wakapima saa za mazoezi kwa gredi za mitihani hiyohiyo. Hawakuona njia ya mkato. Waliofika mbali hawakupanda kila gredi kwa saa chache kuliko wenzao, ila walifanya mazoezi zaidi kila siku, kwa hiyo walipanda upesi. Miaka mitatu kabla, K. Anders Ericsson na wenzake walikuwa wamechunguza wapiga fidla wa chuo kimoja cha Berlin. Wale bora walifanya mazoezi mengi, kwa vipindi vya kama saa moja na nusu, wakapumzika, tena walilala mchana kuliko wengine.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: saa nyingi si tatizo, tatizo ni nyimbo chache. Mtoto anayepiga vipande vitatu miezi tisa, kila mara kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho, anajaza vidole na kuacha kichwa kitupu. Akiteleza katikati hana pa kushika, inabidi arudi mwanzo, kama yule mwanafunzi wa shairi la kukariri aliyekatizwa na kikohozi. (Na sisi tunaosugua ubeti mmoja mwaka mzima tukisema tunaung'arisha, tujitazame.) Mwalimu mjanja, kipande kikishaiva, anakiweka kando wiki mbili, anampa mtoto nyimbo fupi ngeni, halafu anakirudisha. Siku ya kukirudisha anamwambia aanzie katikati, au apige mkono wa kushoto peke yake. Hapo utajua nani kaelewa na nani kazoea.

Na siku yenyewe, vipande vikishapita na makofi hakuna, mtahini anamwekea mtoto karatasi ambayo hajawahi kuiona. Anapewa nusu dakika aitazame, ajaribu kidogo akitaka. Kisha anaambiwa aanze.