Mbegu ya Jirani

Ukisoma Suratu Yusuf utaona kwamba Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri, alieleza kuwa miaka ya dhiki italiwa akiba yote isipokuwa kidogo tu. Baadhi ya wafasiri wamesema hicho kidogo ni mbegu. Hebu fikiri: watu wana njaa, na bado ghalani pana kitu kisichoguswa!

Jambo hilo wakulima wa Sham wamelitenda tangu zama za kale, kwani ngano na shayiri zilianza kulimwa huko na katika nchi jirani yapata miaka 10,000 iliyopita. Nchini Syria zipo shayiri mbili mashuhuri: Arabi Abyadh, yaani nyeupe, na Arabi Aswad, nyeusi, ipandwayo zaidi penye ukame. Lakini usidhani kuwa shayiri nyeusi ni kitu kimoja. Chota konzi moja tu, na ndani yake mna nasaba nyingi zilizochanganyika: hii huwahi kuiva, ile huvumilia kiu, nyingine hustahimili baridi. Mvua ikikosekana, baadhi hufa na baadhi huzaa, na zilizozaa ndizo mbegu za mwaka ujao.

Na aliyekosa kabisa je? Huenda kwa ndugu, kwa jirani au sokoni, akaipata mbegu ya bonde lile na kuipanda katika kilima hiki, nayo ikabadilika tabia kizazi baada ya kizazi. Ndivyo aina zilivyozidi kuwa nyingi. Ama mwenye kuificha mbegu yake, siku ikimfia imewafia wote.

Mwaka 1977 kiliundwa kituo cha utafiti cha ICARDA, ambacho makao yake yalikuwa Tel Hadya, karibu na Aleppo. Kilikusanya mbegu, nyingi zikitoka mikononi mwa wakulima, kikapeleka nakala katika ghala lililochimbwa mlimani huko Svalbard, Norway, lililofunguliwa mwaka 2008. Vita vilipoizuia kazi, mwaka 2015 sampuli zaidi ya 38,000 zilitolewa, zikapandwa Lebanoni na Moroko, na mwaka 2017 nyingine zikarudishwa barafuni.

Wataalamu hao wanastahili shukrani zetu. Lakini wakulima wengi wa Syria waliyakimbia mashamba yao katika vita vilevile, na mbegu zao zilizolala Svalbard hazikuonja kiangazi hata kimoja cha miaka ile.