Gitaa lenye jina la mwanamuziki huzaliwaje?

GITAA linalobeba jina la mwanamuziki mashuhuri huonekana machoni pa wengi kuwa ni biashara ya matangazo tu. Kiwanda humlipa msanii, jina lake huandikwa juu ya shingo ya gitaa, bei hupanda na mashabiki hununua. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini katika karakana ndogo, ambako fundi hukata, hukunja na kuunganisha mbao kwa mikono yake mwenyewe, jina hilo ndilo huja mwisho. Hutanguliwa na miaka ya mazungumzo, majaribio na marekebisho.

Desturi yenyewe ni ya siku nyingi. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la mwimbaji Nick Lucas mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1952 ikatoa gitaa la umeme la Les Paul, ambalo bado linatengenezwa leo. Kwa kawaida mwanamuziki hupata mgawo wa fedha kwa kila gitaa linalouzwa kwa jina lake.

Ili kuelewa namna karakana ndogo inavyofanya kazi hiyo, mfano mzuri ni ule wa fundi Linda Manzer wa Kanada na mpiga gitaa wa jazz wa Marekani, Pat Metheny. Manzer alijifunza ufundi kwa Jean Larrivée kuanzia mwaka 1974, na baadaye akaongeza ujuzi kwa James D'Aquisto wa New York. Yeye na Metheny walikutana mjini Toronto mwaka 1982, na tangu hapo amemtengenezea ala zaidi ya 20.

Kusikiliza kwanza, msumeno baadaye

Kazi huanza bila mbao. Fundi humtazama mwanamuziki anavyokaa, anavyokumbatia gitaa, nguvu anayotumia kupiga nyuzi, na kama hutumia kucha au kidude cha kuchapia. Huuliza pia gitaa litapigwa wapi: chumbani, studio, au jukwaani mbele ya vipaza sauti.

Ugumu uko katika lugha. Mwanamuziki husema anataka sauti nyororo, au nzito, au inayong'aa. Fundi lazima ageuze maneno hayo kuwa vipimo: unene wa ubao wa uso, mpangilio wa mataruma yanayouimarisha kwa ndani, urefu wa nyuzi na kina cha sanduku. Uso mwembamba huitika upesi, lakini nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70, na uso ulio dhaifu mno hupinda. Ubao uliokwisha kupunguzwa haurudishiki. Ndiyo maana fundi mwenye hekima hupunguza kidogo, hugonga kwa kidole, husikiliza, kisha hupunguza tena.

Ombi lililozaa umbo jipya

Mwaka 1984 Metheny alimwomba Manzer atengeneze gitaa lenye nyuzi nyingi kadiri iwezekanavyo. Kazi ilichukua miaka miwili, takriban saa 1,000. Matokeo yake ni Pikasso, ala yenye nyuzi 42, shingo nne na matundu mawili ya sauti. Nyuzi zote zikikazwa, mvuto wake hufikia takriban kilo 450. Metheny aliipiga katika wimbo "Into the Dream" uliomo katika albamu ya Imaginary Day ya mwaka 1997.

Hata hivyo, urithi mkubwa wa kazi hiyo si wingi wa nyuzi. Ala kubwa namna ile humchosha mpigaji mkono, na huzificha nyuzi asizione. Ili kuondoa tatizo hilo, Manzer alilipa sanduku umbo la kabari: upande wa juu, ulio karibu na mwili na chini ya mkono, ni mwembamba, upande unaokaa pajani ni mnene. Hivyo uso wa gitaa huinama kidogo kumwelekea mpigaji, na mkono wake hupumzika. Baadaye mafundi wa nchi nyingine waliufuata mtindo huo katika magitaa ya kawaida yenye nyuzi sita. Haja ya mtu mmoja ikawa faida ya wengi.

Manzer alimtengenezea pia gitaa la sauti ya chini, ambalo Metheny alilitumia katika albamu ya One Quiet Night ya mwaka 2003, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 2004. Humo nyuzi mbili za katikati zimepandishwa oktavo moja. Wapenzi wa rumba ya Kongo hawatalishangaa jambo hilo, kwani wapigaji wa mtindo wa mi-composé nao huondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktavo moja juu.

Ni baada ya mashirikiano ya namna hiyo ndipo karakana ilipotoa gitaa lenye jina la Metheny, tena kwa idadi ndogo. Mnunuzi wake alipata pamoja na jina hilo yale yote ambayo fundi alijifunza kutoka kwa mwanamuziki huyo.

Njia panda ya fundi

Wapo waliochukua njia nyingine. Paul Reed Smith alianza na karakana ndogo mjini Annapolis, Marekani, akiwafuata wanamuziki nyuma ya jukwaa na magitaa yake. Mwaka 1980 alimtengenezea Carlos Santana gitaa. Alianzisha kiwanda mwaka 1985, na gitaa la jina la Santana likaingia sokoni mwaka 1995, miaka 15 baada ya lile la kwanza.

Hapo ndipo penye mtihani kwa kila karakana. Gitaa likisifiwa jukwaani, maombi huzidi uwezo wa mikono. Fundi akikataa kukua, wateja husubiri kwa muda mrefu na kipato hubaki kidogo. Akikubali, hana budi kuwakabidhi wengine na mashine kazi ambayo sikio lake ndilo lililoiongoza. Smith alichagua kiwanda. Manzer alibaki na karakana. Wote wawili walifanikiwa.

Kwa mnunuzi, funzo ni moja. Anapoonyeshwa gitaa lenye jina kubwa, aulize ni kitu gani ndani yake kilichobadilishwa kwa ajili ya mwenye jina. Jibu likikosekana, ajue kwamba amenunua jina peke yake.