Ardhi Kwanza, Hati Baadaye



Swali hili limezoeleka barazani, na hata nje ya kanisa baada ya Misa: mgeni asiye na hati wala kibali, kwa nini atibiwe katika zahanati ileile ambamo wenyeji hukosa dawa? Hatulibezi. Aliyepanga foleni tangu alfajiri ana haki ya kuuliza. Lakini taifa letu lilikwisha kulijibu kwa vitendo, na aliyeongoza jibu hilo alizaliwa Butiama na kubatizwa papa hapa jirani, Nyegina, mwaka 1943.

Mwaka 1972 mauaji ya Wahutu chini ya utawala wa Micombero yaliwakimbizia Warundi wengi nchini mwetu. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaacha kambini wangoje mgao siku zote. Iliwapa ardhi, hekta 5 kwa familia, katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo huko Mpanda. Shule, zahanati na visima vilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na kwa kazi ya ndugu zetu Walutheri (sifa hiyo ni yao, tusiwanyang'anye). Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen. Kufikia 1985 msaada wa kimataifa ulikuwa umekoma, kwa kuwa watu wale walikwisha kujitegemea: walilima mahindi, maharage na tumbaku, wakauza ziada, wakalipa kodi. Anayedai kwamba mgeni hula tu asizalishe, na aende Katumba akaulize.

Papa Pius XII, katika waraka wake Exsul Familia wa mwaka 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha kila mkimbizi. Nasi tusijisahau: koo kadhaa za huku kwetu husimulia jinsi mababu walivyovuka ziwa, wala hakuna aliyewadai kibali ufukweni.

Ukurasa mchungu wa historia hii unahusu hati. Mwaka 2007 wakimbizi hao wa 1972, pamoja na watoto wao, waliulizwa kama watarudi Burundi au wataomba uraia. Takriban wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa, ila vyeti vikazuiliwa. Makazi yalikuwa yafungwe, nao watawanywe katika mikoa mingine. Huko nako kukazuka manung'uniko. Watapewa ardhi ipi? Watoto wao watasoma shule zipi, na kwa gharama ya nani? Ndiyo hoja ileile ya zahanati yetu, safari hii dhidi ya watu waliokuwa wamelipa kodi kwa miaka mingi.

Kwa miaka minne hawakuwa tena wakimbizi, wala hawakuwa na cheti cha kuonyesha kuwa ni raia. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma ikiwaondosha wahamiaji wasio na vibali, wakiwamo walioishi humo kwa miongo kadhaa. Twaweza kuwazia hofu ya mtu aliyeambiwa kuwa ni raia lakini hana cha kumwonyesha askari.

Mpango wa kuwatawanya hatimaye uliachwa. Oktoba 2014, chini ya Rais Kikwete, vyeti vilianza kutolewa, navyo vikawafikia watu ambao wengi wao walizaliwa katika makazi yale, na kuwazika wazazi wao humo humo.