Visiwa vya Ziwa Bunyonyi: Kilichopinduka na Kisichopinduka

Mto Rutshuru, upitao jirani na mji wa Kiwanja, yapata kilomita 70 kaskazini mwa Goma, kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Edward, haukuanzia Kongo. Mtu akiufuata kwenda juu atavuka mpaka wa Uganda na kufika Ziwa Mutanda, karibu na Kisoro. Nalo Mutanda hupokea maji ya mto Ruhezamyenda, utokao Ziwa Bunyonyi. Kwa hiyo maji yanayozunguka visiwa tutakavyovizungumzia katika makala haya ndiyo hayo hayo yapitayo Kiwanja. Tumeona vema kuanza na jambo hili kwa sababu wasomaji wetu wengi wa Kivu hulidhani Bunyonyi kuwa ni ziwa la mbali na la watu wengine.

Asili yake pia si ngeni kwetu. Wenyeji wa Goma, walioiona Nyiragongo ikitapika moto mwaka 1977, kisha 2002, kisha 2021, hawahitaji kuelezwa ujiti wa volkeno ni nini. Zamani za kale bonde la Kivu lilitiririsha maji yake kaskazini, kuelekea Ziwa Edward, mpaka milima ya Virunga ilipolifunga njia; maji yakajaa, yakageukia kusini, na leo hushukia Tanganyika kwa njia ya Ruzizi. Bunyonyi ni jambo lile lile kwa kipimo kidogo: mto ulizibwa na ujiti, mabonde yakafurika, na vilele vya vilima vikabaki nje. Vilele hivyo ndivyo visiwa. Huhesabiwa 29, vingine vikubwa vya kulimwa, vingine vidogo hata mtu aweza kuvizunguka kwa miguu kabla chungu cha maharage hakijachemka.

Njia ya kutoka Kiwanja kwenda huko hupita Rutshuru, Bunagana na Kisoro, kisha hupanda milima hadi Kabale. Mpaka unaoikata njia hiyo ni wa juzi tu katika historia: ulikubaliwa Brussels mwezi wa Mei 1910 kati ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Mbwisha wa Rutshuru na Mfumbira wa Kisoro husikilizana bila mkalimani, na Mkiga wa Kabale ni jirani yao wa siku zote, wa soko na wa ndoa. Katika miaka ya karibuni njia hiyo imejulikana zaidi kwa misafara ya wakimbizi. Baada ya mauaji ya Kiwanja ya Novemba 2008, tena mwaka 2012, tena 2022, maelfu ya watu waliishika wakiwa na magodoro vichwani, wakapokewa katika kambi ya muda ya Nyakabande, nje ya Kisoro. Masimulizi nayo husafiri pamoja na watu, na si ajabu kusikia habari za visiwa vya Bunyonyi zikisimuliwa jioni upande wetu wa mpaka.

Kutoka Kabale mwendaji hupanda mlima mmoja mrefu, na akifika mgongoni huliona ziwa ghafla chini yake. Halina umbo la duara wala la yai. Limetandaza vidole kati ya vilima, kwa kuwa ni mabonde yaliyozama. Miteremko imechongwa matuta toka majini hadi kileleni. Hapa ardhi ilikwisha kuwa haba tangu zamani za ukoloni. Mwaka 1946 serikali, kwa mpango wa bwana shamba J. W. Purseglove, ilianza kuwahamishia watu wa Kigezi ya kusini katika nchi zilizokuwa na nafasi zaidi upande wa kaskazini. Kandokando ya maji kuna mafunjo, na juu yake mikaratusi, ambayo magogo yake huchongwa mitumbwi. Siku za soko mitumbwi hiyo huja Rutinda ikiwa imesheheni viazi, ndizi, mkaa na mbuzi. Samaki si wengi. Kinachovuliwa sana ni aina ya kamba wa maji baridi aliyeletwa kutoka Amerika. Jina la ziwa humaanisha mahali pa ndege wadogo, nao wapo kweli.

Kuhusu kina cha ziwa, mgeni huambiwa kwamba kinafikia mita 900, na kwamba Bunyonyi ni la pili kwa kina barani Afrika. Vipimo vya wanasayansi huonyesha mita 40 hivi. Tofauti hii si ya kuchekwa. Tarakimu nayo yaweza kuwa ngano, na mtu anayesema mita 900 hasemi juu ya kamba na risasi ya kupimia, bali juu ya ziwa linalomeza. Tuikumbuke hali hiyo tunapoyaendea masimulizi yenyewe.

La kwanza ni la kisiwa cha Bucuranuka, ambalo jina lake latokana na neno la kupinduka. Inasemekana kwamba hapo zamani wanaume walikuwa kisiwani wakinywa pombe ya mtama. Akapita kikongwe, akaomba japo funda moja. Walimdhania mwombaji tu, wakamnyima. Naye hakugombana nao. Aliomba mtu wa kumvusha hadi ng'ambo, wakamtoa kijana mmoja, labda kwa furaha ya kumwondoa. Mtumbwi ulipogusa nchi kavu, kisiwa kilipinduka chini juu pamoja na wote waliokuwamo. Aliyeponyoka ni kuku peke yake, aliyeruka. Wengine husema wanywaji walikuwa ishirini, wengine hawataji idadi. Lakini kuku hakosekani kamwe.

Masimulizi ya pili ni ya Akampene, kisiwa kidogo kuliko vyote vinavyotajwa sana. Ni kipande cha nyasi na mti, bila kivuli cha kutosha mbuzi watatu. Huko, yasemekana, msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa alipelekwa na watu wake mwenyewe, akaachwa. Hapakuwa na chakula, wala kuni za kutosha kumkinga na baridi ya nchi iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wasichana wengi hawakujua kuogelea; waliojaribu walizama. Isipokuwa kwamba mwanamume fukara, asiye na ng'ombe wa mahari, aliweza kuja kwa mtumbwi na kumchukua mmoja awe mke wake bure.

Wapiga makasia huyasimulia haya mawili kwa pumzi moja, kwa kuwa visiwa vyote viwili vimo katika ziara moja, na mgeni huyasikiliza yote mawili kwa sikio moja. Hapo ndipo ilipo hoja yetu. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alitenga hadithi, ambazo ndani yake zimo ngano na istiara, na salua, yaani masimulizi ya mambo yanayoaminiwa kuwa yalitokea, yakiwemo visakale na kumbukumbu. Bucuranuka, ijapokuwa husimuliwa kama tukio, yafanya kazi ya istiara: hakuna anayemtaja babu yake kwamba alizama pale. Akampene ni kumbukumbu. Waliotendewa walikuwa na koo zao, na katika muongo wa 2010 alikuwa bado hai, kando ya ziwa, mama mzee aliyepelekwa kisiwani akiwa msichana na kuokolewa na mtu aliyemwoa. Aliwasimulia waandishi wa habari mwenyewe. Mtu akiyachanganya masimulizi haya mawili, humfanya mama huyo kuwa jirani wa yule kuku.

Nani hasa alimpeleka msichana? Mara nyingi jibu huwa ni "mila", kana kwamba mila ina mikono ya kupiga kasia. Wakiga hawakuwa na mfalme. May Edel, aliyefanya utafiti miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake mwaka 1957, aliieleza jamii isiyo na mtawala wa juu, ambamo nguvu zilikuwa mikononi mwa wazee wa nyumba na koo. Basi hapakuwa na askari wa mwami wala mnyongaji wa serikali. Aliyeshika kasia alikuwa baba au kaka. Na kaka alikuwa na haja yake: mifugo iliyopokelewa kwa dada ndiyo iliyomwozesha yeye. Msichana aliyepata mimba nyumbani alihesabiwa kuwa amempotezea mkewe. Tukilielewa hilo, tutaelewa pia kwa nini mwokozi katika masimulizi ni fukara daima: kisiwa kilikuwa mahali ambapo mwanamke alitolewa nje ya hesabu ya ng'ombe, na asiye na ng'ombe aliweza kumfikia. Kuhusu mwanamume mwenye mimba masimulizi hayana neno.

Wala jambo hili halikuwa la Wakiga peke yao. Katika Ziwa Kivu, upande wa Rwanda, kipo kisiwa kiitwacho Akarwa k'Abakobwa, yaani kisiwa kidogo cha wasichana, na husimuliwa vivyo hivyo kwamba walioshika mimba waliachwa humo, na kwamba wanaume wa ukingo wa magharibi walivuka kuja kuwachukua. Ikiwa ni hivyo, wamo kati yetu wajukuu wa wanawake hao, na hawajui. Utafiti wa jambo hilo kwa upande wa Kongo ungefaa sana kufanywa na wanafunzi wetu wenye bibi zao mwambaoni mwa ziwa, kwa adabu inayostahili, pasipo kumlazimisha mtu kusema.

Adhabu hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, chini ya utawala wa Waingereza na mahubiri ya makanisa. Lakini mazoea ya kuvitumia visiwa kwa kuwatenga watu hayakufifia mara moja. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Leonard Sharp, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa hospitali ya misheni ya Kabale miaka kumi kabla, alifungua makazi ya wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Bwama. Yeye mwenyewe alikaa kisiwa cha jirani, Njuyeera, ambalo maana yake ni nyumba nyeupe. Hatutaki kumlinganisha tabibu na wale waliowaacha wasichana. Bwama kulikuwa na mashamba, kanisa na matibabu, na wengi walikwenda kwa hiari wakipona fedheha ya vijijini. Hata hivyo yafaa kuona kwamba alipotafuta mahali pa kuwaweka watu ambao jamii haikutaka kuwagusa, ziwa lilikuwa limekwisha kuzoezwa kazi hiyo. Makazi yalifungwa katika miaka ya 1980, baada ya dawa za ukoma kupatikana, na majengo yakawa shule. Wanafunzi huenda kwa mitumbwi.

Linabaki swali ambalo msikilizaji wa Bucuranuka hawezi kuliepa akishalisikia la Akampene. Kikongwe alinyimwa funda la pombe, kisiwa kizima kikapinduka. Wasichana waliachwa wafe kwa njaa, na hakuna kilichopinduka. Katika fasihi ya ziwa hili kosa la ukarimu lina kisasi, na kosa la Akampene halina. Twaweza kusema kwamba ngano hulaumu kile ambacho jamii imekwisha kukubali kukilaumu: kila mtu ajua mgeni mzee hanyimwi pombe, na nyumba iliyompeleka binti yake majini ilijiona imetimiza wajibu. Watunzi walitoka katika nyumba hizo hizo.

Hata hivyo kisasi kilichokosekana ziwani kinapatikana mahali pengine katika nchi ile ile ya Kigezi. Huko Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, kuna maporomoko ya maji ambayo kwayo wasichana wa namna hiyo walitupwa. Wasimulizi husema kwamba siku moja msichana aliletwa ukingoni na kaka yake, ambaye ndiye aliyepaswa kumsukuma. Alipoinyosha mikono, dada alimshika, asimwachie, wakaanguka wote wawili. Wengine huongeza kwamba na baba alivutwa. Tangu siku hiyo, husemwa, hakuna aliyethubutu tena kumleta binti yake pale. Katika masimulizi yote tuliyoyataja, huyu ndiye msichana pekee anayetenda neno. Wengine huachwa, huokolewa au huzama. Na anayemvuta ni kaka, yule mwenye haja na ng'ombe. Mwaka 1958 kanisa la Anglikana lilifungua hospitali chini ya maporomoko hayo, palipokuwa na kiwanda cha kitani, na maji yale yale huizalishia umeme, pamoja na wodi ya wazazi.