Shimo la Kuketia: Jinsi Watoto Walivyofundishwa Kukaa

Leo tunazungumzia kuketi kwa mtoto, jambo ambalo kina susu walilishughulikia kabla ya kliniki kujengwa.

Mwaka 1957, Marcelle Geber kutoka Ufaransa na Dkt. Dean wa Kampala walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa Uganda. Walisema watoto hao wanawatangulia wa Ulaya. Sifa nzuri, lakini ilikuwa na mwiba: wako walioichukua kuwa ni jambo la damu na rangi, kana kwamba mama hakufanya kitu.

Jibu lilitoka hapa Kenya. Charles Super, mwanasaikolojia Mmarekani, aliishi na Wakipsigis wa Kokwet miaka ya 1970, na mwaka 1976 akachapisha aliyoyaona. Mtoto wa miezi mitano au sita alichimbiwa shimo dogo ardhini, akaketishwa humo huku blanketi zikimshikilia mgongo. Walirudia hivyo mpaka akaweza mwenyewe. Lugha yao hata ina neno la kumfundisha mtoto kuketi. Basi watoto hao waliketi karibu mwezi mmoja mapema kuliko wa Marekani. Sasa sikilizeni hapa: kwa mambo ambayo hawakufundishwa, kama kutambaa, hawakutangulia. Ingekuwa ni damu, wangetangulia katika yote. Ilikuwa kazi ya mikono ya mama na dada.

Shimo linasaidiaje? Linashika nyonga, linauachia mgongo, tumbo na shingo vitafute usawa. Mtoto anayumba, anajirudisha, na kila akijirudisha misuli inapata nguvu. Kiti cha plastiki kinachombana mpaka kifuani kinamfanyia kazi yote. Mimi sioni faida yake. Si lazima uchimbe. Shingo ikishakaza, mketishe mkekani katikati ya miguu yako, leso iliyokunjwa ikimzunguka kiunoni, dakika chache tu. Akichoka, mlaze. Wakati mwingine mlaze kifudifudi akiwa macho, nawe ukimwangalia.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyotoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Karibu watoto wote wenye afya walianza kuketi bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Hapo tofauti ya wiki chache si ugonjwa, kwa hiyo usimlinganishe na wa jirani.

Lakini wako akina mama wanaomficha mtoto wa mwaka mzima asiyeketi, wakiogopa maneno ya watu kwamba ni laana. Huenda ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, au mifupa ni laini kwa matege. Yote hayo yanahudumiwa, na mapema ni bora. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9. Siku hiyo mwombe muuguzi amketishe, kichwa juu, mikono isiguse chini, kisha mhesabu pamoja mpaka 10.