Mkono Uliojifunza Bila Mwenyewe Kukumbuka

Henry Molaison alikuwa na umri wa miaka 27 alipofanyiwa upasuaji mjini Hartford, Marekani, mwaka 1953. Kifafa kilikuwa kimemzidi na dawa hazikufua dafu. Daktari William Scoville aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kuweka kumbukumbu, pande zote mbili za ubongo wake. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Mgeni akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, kwake alikuwa mgeni mpya.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyetoka Montreal, Kanada, alimpa mchoro wa nyota yenye mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, apitishe penseli katikati yake. Mkono ulifichwa asiuone isipokuwa kwenye kioo, na kioo hugeuza mambo: penseli ikisogea mbele, macho huona inarudi nyuma. Mwanzoni Molaison alikwama penye kila pembe. Siku ya tatu, baada ya kuchora mara 30 kwa jumla, aliizunguka nyota karibu bila kosa. Hata hivyo, hakukumbuka kamwe kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo.

Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1962 zilizua swali zito. Kama hipokampasi haikuhitajika, ni sehemu gani za ubongo zilizoufunza mkono ule?

Vipande vya jibu vilikuwa vimeanza kukusanywa zamani. Mwaka 1824 Mfaransa Pierre Flourens alieleza jinsi alivyowaondolea njiwa serebelamu, ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Njiwa hawakupooza, ila mwendo wao ulivurugika, wakawa hawawezi kuruka wala kutembea sawasawa. Mwaka 1870, huko Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa gamba la ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na mguu wa upande wa pili ukashtuka. Gamba ndilo lililotoa amri.

Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza ushahidi wenye uchungu. Daktari Gordon Holmes aliwachunguza askari waliopigwa risasi kisogoni. Mmoja wao alimweleza kwamba mkono wa kushoto ulifanya kazi wenyewe, lakini wa kulia ilimbidi aufikirie kwa kila hatua. Serebelamu ilipoumia, wepesi ule wa kutenda bila kuwaza ulipotea.

Jinsi serebelamu inavyofanya kazi hiyo ilianza kueleweka baadaye sana. Mwaka 1982 Masao Ito wa Japani na wenzake walionyesha kwamba mawasiliano fulani kati ya seli za serebelamu hudhoofika yanapokutana na ishara nyingine, ambayo watafiti wengi huiona kuwa ishara ya kosa. Kwa njia hiyo, kosa la leo hurekebisha mwendo wa kesho.

Mshirika mwingine katika kuufunza mwili ni basali ganglia, viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Mwaka 1989 watafiti wa San Diego waliwapa wagonjwa kijiti wafuate nacho alama kwenye sahani inayozunguka. Wenye ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu, walijifunza. Wenye ugonjwa wa Huntington, unaoharibu viini hivyo, walitatizika.

Kisha mashine za kupiga picha za ubongo zikawaonyesha washirika hao wakiwa kazini. Mwaka 1997, huko Baltimore, Reza Shadmehr na Henry Holcomb waliona kwamba ndani ya saa 6 baada ya mazoezi watu walitenda kwa ustadi uleule, lakini kazi ilikuwa imehama kutoka sehemu za mbele za ubongo kwenda kwenye maeneo mengine ya gamba yanayoongoza mwendo, pamoja na serebelamu.

Elimu hii inawahusu moja kwa moja wanaomuuguza mtu aliyepatwa na kiharusi. Utafiti wa wagonjwa 222 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulihusu watu ambao mkono wao dhaifu ulikuwa bado na nguvu kidogo. Waliovishwa glavu nene kwenye mkono mzima, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi na mazoezi mengi, walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilidumu angalau mwaka mmoja. Kwa hiyo familia isikimbilie kumlisha na kumvisha mgonjwa kwa kila kitu. Wamuulize mtaalamu wa fiziotherapia ni mazoezi gani yanayomfaa, kisha wamwache ashike kijiko mwenyewe, akosee, na arudie.